Nikeli ya Kuazima

Wanafunzi wakija ofisini kwangu kuuliza habari za kwenda kusoma uzamivu Ulaya, huuliza mambo mawili: ufadhili na baridi. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilikosea wapi. Basi leo nasimulia bila kuulizwa, maana kosa langu lilinila karibu miaka miwili, na naona vijana wakilielekea lilelile.

Mimi ni mtu wa Muheza, mkoani Tanga. Mama analima kunde na mihogo. Nikiwa kidato cha pili, bwana shamba alipita kwetu, akang'oa mche wa kunde, akakung'uta udongo na kunionyesha vinundu kwenye mizizi. Akakipasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama mbichi.

"Ukiona hivi, ujue kinafanya kazi," akasema. "Kikiwa cheupe au cha kijani, hamna kitu humo."

Nilitembea na swali hilo hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: mmea umepata wapi damu? Mwaka wa tatu ndipo nikajibiwa. Wekundu ule ni protini yenye chuma, ndugu wa hemoglobini inayozunguka kwenye mishipa yetu. Kazi yake ni kuidhibiti oksijeni isizagae ndani ya kinundu, kwa sababu mle mna kimeng'enya kinachogeuza naitrojeni ya hewani kuwa amonia, nacho kikiguswa na oksijeni kinakufa. Moyo wa kimeng'enya hicho ni kifundo cha chuma, salfa na molibdeni. Viwandani amonia ya mbolea inatengenezwa kwa joto la nyuzi zaidi ya 400 na mgandamizo mkubwa ajabu. Bakteria wa kwenye kunde za mama wanaitengeneza kwenye udongo wa vuguvugu, bila kelele.

Hapo nikatekwa. Nikaanza kuona metali kila mahali: zinki ndani ya kimeng'enya cha damu kinachotusaidia kutoa kaboni dioksidi, shaba kwenye damu ya pweza, ambayo huwa ya bluu ikibeba oksijeni, shaba tena kwenye kimeng'enya kinacholifanya tunda la ndizi liwe jeusi ukishalimenya. Protini bila metali yake mara nyingi ni kama panga bila makali. Nilitaka kuijua kazi hiyo mpaka mwisho.

Ufadhili wa kwenda Uingereza niliupata 2016. Habari za viza nitazipitia haraka, ila moja msisahau: pesa za mwanzo zinatoka mfukoni mwako hata kama barua ya ufadhili inasema "gharama zote". Kipimo cha kifua kikuu, ada ya viza, na tozo ya huduma ya afya, ambayo wakati ule ilikuwa pauni 150 kwa mwanafunzi kwa kila mwaka wa masomo, unalipa zote kwa mkupuo kabla hujapanda ndege. Nilirudishiwa baada ya miezi mitatu. Katikati hapo alinikopesha mjomba. Nayo tozo imepanda sana tangu hapo, kwa hiyo ulizeni mapema.

Kosa langu la kwanza halikuwa la kemia. Nilichagua msimamizi kwa jina lililo juu ya makala. Sikumwandikia hata mwanafunzi wake mmoja kuuliza: mnamwona mara ngapi kwa mwezi? Mtu akileta matokeo mabaya anapokewaje? Profesa wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa safari, tena mwenye haraka ya habari njema, na mimi nilikuwa mwanafunzi wa kutoka mbali aliyetaka kumletea habari njema. Hiyo ni mizani mbaya kuanzia kazi.

Nilipewa protini ya bakteria wa mizizi ya jamii ya kunde (nilifurahi, ilikuwa kama kurudi nyumbani). Ilidhaniwa kuwa inavunja flavonoidi, zile kemikali ambazo mizizi huzitoa kuwaita bakteria. Umbo lake lilionyesha wazi kuwa lina kiota cha metali: histidini tatu na glutamati moja, yaani vipande vya asidi amino vinavyojenga protini, zimeelekeana kama watu waliokaa kuzunguka sinia. Metali gani? Hilo ndilo lilikuwa swali la uzamivu wangu.

Ili kuipata protini moja kati ya maelfu, wengi wetu tunatumia ujanja uliopo tangu miaka ya 1980. Unaipandikiza jeni yake kwa bakteria wa maabara, E. coli, na mwishoni mwa protini unaishonea mkia wa histidini sita. Histidini zinapenda nikeli. Unawapasua bakteria, unamimina rojo lao kwenye kolamu iliyojaa punje zilizobeba nikeli, punje za bluu ya maji ya pwani, na protini yako inang'ang'ania pale huku takataka zikipita. Kisha unamimina imidazoli, kemikali inayoinyang'anya protini nafasi yake kwenye nikeli, nayo inaachia, inatoka safi. Asubuhi moja tu. Kwa protini isiyo na metali, ujanja huu hauna neno. Kwa protini ambayo swali lako lote ni metali yake, ni kumkabidhi fisi bucha.

Mimi sikuliona hilo. Niliisafisha protini, nikaiyeyusha kwenye asidi ya nitriki, nikaipeleka kwenye mashine ya ICP-MS, ambayo huchoma sampuli kwenye plazma ya moto wa maelfu ya nyuzi na kuzihesabu metali moja moja. Jibu likaja: nikeli, atomi 0.8 kwa kila molekuli ya protini. Chuma, 0.06. Nilikimbia koridoni.

Vimeng'enya vya nikeli vinavyojulikana ni vichache, unavihesabu kwa vidole. Kupata kipya ni jambo la kukuandikia jina. Tena ilikuwapo mifano ya kunitia moyo: bakteria aitwaye Klebsiella ana kimeng'enya ambacho kikiwa na chuma kinafanya mmenyuko mmoja, kikiwa na nikeli kinafanya mwingine kabisa. Kwa nini changu kisiwe cha namna hiyo? Nikawa mwangalifu, ama nilidhani hivyo: nikaukata mkia wa histidini kwa kimeng'enya kingine, nikapima upya. Nikeli ikabaki palepale. Nikasema, basi, imekaa kwenye kiota, si kwenye mkia.

Na kweli ilikuwa kwenye kiota. Ila iliingia pale kama mpangaji aliyekuta mlango wazi.

Dalili zilikuwapo, na hapa ndipo ninapojiumiza kila nikikumbuka. Protini yangu haikufanya kazi yoyote, nilisema bado sijapata mazingira yake. Sampuli iliyotoka kwenye kolamu mchana uleule ilikuwa na nikeli 0.5, na ile iliyolala mle usiku kucha ilikuwa na 0.9. Namba zote mbili ziko kwenye daftari langu hadi leo, kwa mwandiko wangu, na nimeipigia mstari 0.9. Halafu kulikuwa na kipimo cha EPR, kinachotumia sumaku kuzitambua metali kama chuma, ambacho tulikipoza kwa heliamu hadi nyuzi kama 263 chini ya sifuri. Kwenye mchoro palitokea kijimlima kidogo pale kwenye namba 4.3, mahali ambapo chuma huonekana. Profesa alikitazama akasema hicho ni chuma kichafu, kipo kila mahali. Mara nyingi ni kweli, kila anayetumia EPR anakijua. Safari hii kilikuwa mabaki ya metali yenyewe niliyokuwa naitafuta. Uchafu tuliuita ukweli, na ukweli tukauita uchafu.

Julai 2018 nikasimama kwenye mkutano, bango limebandikwa ukutani, maandishi makubwa: kimeng'enya kipya cha nikeli. Watu walipita, wakasifu. Jioni akaja mama mmoja wa makamo, miwani shingoni, akasoma bango lote kimya kuanzia juu hadi chini. Akauliza:

"E. coli wako uliwakuza kwenye hewa?"

"Ndiyo."

"Supu ya kuwakuzia ilikuwa ya kawaida, hukuongeza nikeli?"

"Sikuongeza."

"Sasa nikeli yote hii waliipata wapi?"

Hakuuliza kwa ukali. Alisubiri jibu, akaona silipati, akanigusa bega akaenda zake.

Usiku ule hotelini nilipiga hesabu ambayo ningeipiga mwaka mmoja na nusu nyuma kwa kalamu na karatasi. Lita moja ya supu ilinipa miligramu 30 za protini. Protini yangu ina uzito wa daltoni 25,000, kwa hiyo hizo ni maikromoli 1.2. Mara 0.8, inakuja kama maikromoli moja ya nikeli, maikrogramu 56 hivi. E. coli anayekuzwa kwenye hewa hata mlango wake wa kuingizia nikeli huwa ameufunga, anaufungua akikosa oksijeni. Niliporudi maabara nikapima supu yenyewe na seli nzima kabla ya kusafisha chochote. Haikufika hata robo ya kiasi hicho. Kipimo kilichukua mchana mmoja. Waswahili walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako, na yangu nilikuwa nimeitundika ukutani ikiwa na jina langu.

Mkitaka kuelewa kwa nini ilitokea: metali hazina nguvu sawa za kushika. Wanakemia Irving na Williams walishaupanga mlolongo huo, makala yao maarufu ni ya 1953. Manganizi hushika kidogo, chuma zaidi, kisha kobalti, nikeli, halafu shaba ndiyo kinara, na zinki inarudi chini ya shaba. Protini yenyewe haina macho. Ikiachwa kwenye kikombe na metali zote itachukua yenye nguvu, si iliyo yake. Ndani ya seli hilo halitokei kwa sababu seli inazibania metali zenye nguvu. Kuna makala ya 2008 iliyotoka Newcastle ambayo kila anayeanza kazi hii aisome: protini mbili za sianobakteria (bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea) zenye umbo linalofanana, moja inabeba manganizi na nyingine shaba, na kinachoamua ni sehemu gani ya seli protini inakunjwa. Ile ya manganizi, ukiikunja mwenyewe kwenye kichupa, unahitaji manganizi mara 10,000 zaidi ya shaba ndipo iichukue. Kwangu mimi, chuma kilikuwa kimeshikwa kilegevu. Hewani kilipata kutu kikadondoka, na jirani aliyekuwepo pale, tena mabilioni kwa mabilioni, alikuwa nikeli ya kolamu.

Nilikaa wiki tatu bila kumwambia mtu. Nilikuwa naingia maabara, naosha vyombo, natoka. Usiku silali. Nilihisi nimewaaibisha hadi watu wa Muheza, ambao wala hawakujua nikeli ni nini. Mama akaisikia sauti yangu kwenye simu.

"Umemwibia mtu?"

"Hapana, mama."

"Umemdanganya mtu?"

"Nilijidanganya mwenyewe kwanza."

"Basi nenda kamwambie mwalimu wako, mwanangu, kabla hajaambiwa na wengine."

Nilimwambia kesho yake. Profesa alinyamaza sana, kisha akasema neno ambalo hadi leo sijalipenda: "Nilidhani uliliangalia hilo." Na mimi nilidhani yeye ameliangalia. Muhtasari wa mkutano ulikuwa umeshachapwa, tukamwandikia mwandaaji kuuondoa kwenye orodha ya mtandaoni. Barua ile niliiandika mwenyewe, mistari minne. Ilikuwa ngumu kuliko sura yoyote ya tasnifu.

Aliyenifariji ni mwenzangu wa maabara, Mpolandi, mtu wa maneno machache. Alinikumbusha habari ya urease, kimeng'enya kinachovunja urea. James Sumner, mtu aliyekuwa na mkono mmoja, aliifanya kuwa fuwele mwaka 1926 kutoka kwenye maharage, akapata Nobeli 1946. Ndani ya fuwele zile mlikuwa na nikeli, na hakuna aliyeiona mpaka 1975. "Wao hawakuiona iliyokuwepo," akasema, "wewe umeiona isiyokuwepo. Mko sare."

Kazi ikaanza upya. Tuliondoa mkia wa histidini kabisa, tukasafisha kwa njia za zamani, kolamu tatu badala ya moja. Chupa za kioo niliziacha nikahamia plastiki iliyolowekwa kwenye asidi. Bafa zote, yaani maji ya chumvi ya kuhifadhia protini, nilizipitisha kwenye resini ya kunasa metali. Na kila kitu kikafanyika ndani ya boksi la glavu, ambamo oksijeni ni chini ya sehemu mbili katika milioni. Asiyewahi kufanya kazi humo asikudanganye kuwa ni rahisi. Mikono imevaa glavu nene za mpira zilizofungwa ukutani, mabega yanauma, pua ikiwasha huna la kufanya, na ukiangusha kifuniko kidogo unakitafuta kama mtu anayetafuta sindano gizani. Kazi ya asubuhi moja ikawa ya siku tatu.

Mei 2019 niliingiza tone la protini ile kwenye kichupa cha elektrodi ya oksijeni, kifaa kinachopima oksijeni iliyobaki majini, pamoja na flavonoidi. Mstari kwenye skrini ulikuwa umelala bapa. Nikahesabu sekunde: tatu, nne. Ukaanza kushuka. Ulishuka taratibu, kama mtu anayeteremka mlima Usambara, mpaka karibu na sifuri. Kimeng'enya kilikuwa kinaila oksijeni. Nikarudia na protini ya nikeli: bapa. Nikairudia ya chuma: ikashuka. Tulipopima metali, chuma kilikuwa 0.9. Sikukimbia koridoni safari hii. Niliosha kichupa nikarudia mara sita.

Mengine nitayasema kwa ufupi. Machi 2020 maabara zilifungwa kwa sababu ya korona, na tuliporudi boksi lilikuwa limejaa hewa na sampuli mbili zimekufa. Ufadhili wangu ulikwisha mwezi wa 42, ilhali tasnifu inaruhusiwa kukusanywa hadi wa 48, na miezi hiyo sita katikati hakuna anayekulipa. Viza ya mwanafunzi ilikuwa inaruhusu kazi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Nilipanga vitabu maktaba, nikala wali na maharage, nikaandika. Ukipata nafasi, anza kuweka akiba ya miezi hiyo tangu mwaka wa kwanza, hata pauni 40 kwa mwezi. Makala ikakataliwa na majarida mawili, mhakiki mmoja akisema kimeng'enya kingine cha chuma hakina jipya. Jarida la tatu likaipokea, 2021. Si jarida la kutamba nalo. Ila siogopi mtu yeyote akiirudia kazi ile.

Nilirudi nyumbani 2022. Ninachojuta ni kwamba sikujiandaa kurudi nilipokuwa bado kule. Plasmidi zangu, yaani vipete vya DNA vilivyobeba jeni za protini zangu, nilipaswa kuziombea barua ya ruhusa mwaka mzima kabla, na kuzisafirisha zikiwa zimekaushwa kwenye karatasi ya kuchujia, maana hazihitaji barafu. Mimi nilizibeba zikiwa kwenye maji, friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri ikazimika siku mbili jenereta lilipogoma, na baadhi zikaharibika. Kemikali zinachukua miezi kufika. Boksi la glavu hatuna. Nikalia kidogo, kisha nikaangalia tulicho nacho. Tuna spektrofotomita, mashine ya kupima rangi ya vimiminika. Tuna soya na mbegu za tikiti, ambazo zimejaa urease: unasaga, unaweka urea na rangi ya finoli nyekundu, na kichupa kinageuka waridi mbele ya macho ya wanafunzi. Tuna ndizi zenye kimeng'enya cha shaba. Na mashine ya AAS, nayo ya kupima metali, tunaiazima kwa wenzetu wa jiolojia, wanaoitumia kupima sampuli za migodini, kwa sharti la kwenda Ijumaa mchana wakati wao hawaihitaji.

Mama aliwahi kuniuliza hiyo protini yangu inaponya nini. Nilimwambia ya kwangu haiponyi kitu, ila dawa mseto anayomeza akipata malaria ndani yake mna dawa itokanayo na artemisinini, na hiyo inaamshwa na chuma cha hemoglobini ambayo mdudu wa malaria ameila. "Kumbe chakula chake ndicho kinachomuua," akasema. Sijawahi kusikia mtu akilieleza vizuri kuliko hivyo darasani.

Wiki iliyopita kijana wa mwaka wa nne alikuja mbio, karatasi mkononi.

"Madam, ina zinki! 0.7!"

Nilimpongeza, nikamwomba akae. Nikamuuliza kama alipima bafa tupu, isiyo na protini. Hakupima. Nikamuuliza maji aliyachota wapi. Kwenye mtambo wa kukeneka, akasema, ule wa ghorofa ya chini wenye bomba jipya la mabati, na mabati hupakwa zinki. Nikamuuliza glavu. Akaitazama mikono yake. Alikuwa bado amezivaa, zile za mpira zenye unga mweupe, na kwenye ile karatasi ya matokeo vidole vyake vilikuwa vimeacha alama tano.

Tulichukua chupa tatu tukashuka ngazi kwenda kuchota maji.